Makardinali na Mlango wa Ruvuma

Mahurunga ni mahali padogo katika ramani ya Tanzania. Ni kata ya Wilaya ya Mtwara, karibu na mahali ambapo Mto Ruvuma huingia baharini katikati ya mikoko. Mabondeni hulimwa mpunga. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Watu wa huku wana jamaa zao huko, na wa huko wana jamaa zao huku. Harusi na misiba haiulizi mpaka, ijapokuwa askari wa mpaka huuliza. Mtu akisema kwamba habari za makardinali wa Roma wa karne ya 19 ni habari za mahali kama hapo, atachekwa. Wako wataalamu ambao wamekwisha kucheka. Husema kuwa makardinali ni jambo la Ulaya, au jambo la seminari, na kwamba mwanafunzi wa historia ya pwani, hasa pwani hii ya kusini ambayo wenyeji wake wengi ni Waislamu, hana haja ya kujua nani alikuwa balozi wa Papa mjini Madrid, wala nani aliketi katika kiti gani cha Roma.

Kauli hiyo ni ya mtu asiyetaka kufungua majalada. Ukingo wa Ruvuma uligawiwa mara mbili katika muda usiotimia mwaka mmoja: mara ya kwanza na serikali mbili za Ulaya, Desemba 1886, mara ya pili na Roma, Novemba 1887. Na mizinga iliyofika Kilwa, Lindi na Mikindani mwaka 1890 ililipiwa fedha ambazo zisingalitoka kwa wepesi ule kama kardinali mmoja asingalikuwa msemaji hodari. Asiyejua maisha ya watu hao hawezi kueleza kwa ukamilifu jinsi pwani hii ilivyotwaliwa. Atataja kampuni, atamtaja Bismarck, atamtaja Wissmann, na palipobaki atapaziba kwa neno "ukoloni", neno la kweli lakini pana mno. Huficha mengi kama linavyoonyesha.

Yapasa kwanza kueleza kardinali alikuwa nani, maana jina hili hutajwa kwa heshima na kwa chuki pasipo kuelezwa. Kardinali ni mshauri wa Papa na mchaguzi wa Papa. Katika karne ya 19 aghalabu alikuwa pia mtumishi wa serikali, mfano wa waziri. Giacomo Antonelli, aliyeshika ukatibu mkuu wa Papa Pio wa Tisa kwa karibu miaka 30 hata alipokufa mwaka 1876, hakupata upadre maisha yake yote; alikuwa shemasi tu, na kazi yake ilikuwa fedha na barua. Ngazi ya wengi wao ilikuwa moja. Kijana alisomea dini na sheria, akawekwa ofisini Roma, akatumwa ubalozini, akawa balozi wa Papa, yaani nunsio, katika mji mkuu fulani. Akirudi salama huvishwa kofia nyekundu, kisha hukabidhiwa idara. Idara iliyotawala nchi zote za misioni, Afrika ya Mashariki ikiwa mojawapo, iliitwa Propaganda Fide, yaani Idara ya Kueneza Imani. Mkuu wake alikuwa na madaraka mapana hata watu wa Roma wakazoea kumwita papa mwekundu.

Tazama walioshika kiti hicho. Alessandro Franchi, aliyekishika tangu 1874 hadi 1878, alikuwa amekwisha kuwa nunsio Madrid na kutumwa kwa Sultani wa Uturuki mjini Istanbul. Giovanni Simeoni, aliyemfuata mwaka 1878 na kukaa mpaka kifo chake mwaka 1892, alikuwa nunsio Madrid pia, kisha katibu mkuu wa Papa baada ya Antonelli. Mieczysław Ledóchowski, aliyemfuata Simeoni, alikuwa nunsio Brussels kabla ya kuwa askofu mkuu wa Gniezno na Poznań. Huko Bismarck alimtia gerezani miaka miwili, 1874 hadi 1876, na kofia ya ukardinali ikamkuta kifungoni. Hawa watatu, wote mabalozi, hawakuiona Ruvuma kwa macho yao. Walakini barua zote za misioni za Kilwa, Lindi na Mikindani zilikuwa na mwisho wake katika meza yao.

Jambo moja zaidi kuhusu watu hao ni ufunguo wa mengine yote. Mwaka 1870 Papa alinyang'anywa Roma na mfalme wa Italia. Tangu siku hiyo mabalozi wake walikuwa mabalozi wa mfalme asiye na nchi, wala jeshi, wala forodha. Walibaki na neno na karatasi. Neno lao lilisikika bado: mwaka 1885 Ujerumani na Uhispania zilipogombea Visiwa vya Caroline, Bismarck mwenyewe, aliyekuwa amewafunga maaskofu, alimwomba Papa Leo wa Kumi na Tatu awe msuluhishi. Lakini neno lisilo na jeshi, likitaka kuwa tendo, halina budi kumtafuta mwenye jeshi. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa kazi nzima ya ubalozi wa Papa katika karne hiyo, na hapo ndipo Mahurunga inapoingia.

Tarehe 30 Desemba 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuwa Ruvuma iwe mpaka wao. Miezi miwili kabla, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimempimia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani, kuanzia Mto Minengani katika Ghuba ya Tungi hadi Kipini, ukanda wa maili 10 tu kwenda bara. Februari 1887 Wareno waliitwaa Tungi kwa nguvu. Katika zogo hilo, Sultani Barghash akiwa karibu na mwisho wa maisha yake, Idara ya Simeoni nayo iliandika karatasi yake. Tarehe 16 Novemba 1887 ilikata sehemu ya kusini ya misioni ya Zanzibar, iliyokuwa mikononi mwa Mapadre wa Roho Mtakatifu wa Kifaransa wa Bagamoyo, ikaifanya prefektura mpya, na kuwapa Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia wa Bavaria, shirika ambalo lilikuwa na umri wa miaka mitatu tu. Mpaka wake wa kusini ulikuwa Ruvuma. Ng'ambo ilibaki chini ya prelatura ya Msumbiji, ya tangu 1612, pamoja na haki za zamani za wafalme wa Ureno juu ya Kanisa.

Hapana mtu atakayesadiki kuwa hayo yalitokea kwa bahati. Vita vya Bismarck na Kanisa vilikuwa vikimalizwa. Sheria za amani zilipitishwa mwaka 1886 na 1887. Wajerumani, ambao wazee wa pwani waliwaita Wadachi, walitaka wamisionari wa taifa lao katika nchi waliyoidai kuwa yao. Wafaransa hawakupendeza tena. Roma ilitoa kilichotakiwa. Mkazi wa ukingo wa kaskazini wa Ruvuma, ambaye pengine hajapata kumwona padre, alilala ndani ya eneo la Mdachi na kuamka ndani ya prefektura ya Kidachi. Mpaka wa Kanisa ulifuata mpaka wa serikali kama mtumbwi ufuatavyo mkondo. Watetezi hujibu kuwa Kanisa lisingeweza kufanya vingine. Labda, lakini hata hilo liandikwe vitabuni.

Sasa aje Lavigerie, maana yeye ndiye mkuu wa shauri hili. Charles Lavigerie alizaliwa karibu na Bayonne, Ufaransa, mwaka 1825. Alifundisha historia ya Kanisa katika Sorbonne. Mwaka 1860, Wakristo wa Syria na Lebanoni walipouawa, alipelekwa kuwagawia misaada, akakutana Damasko na Amir Abd el-Kader, Mwislamu aliyewaokoa Wakristo wengi kwa kuwaficha nyumbani kwake. (Alikutana na mtu huyo, na bado miaka 28 baadaye alisema juu ya Uislamu maneno ambayo Abd el-Kader asingeyastahili.) Mwaka 1861 alifanywa hakimu wa Mahakama ya Rota mjini Roma kwa upande wa Ufaransa, cheo kilichokuwa nusu cha hukumu, nusu cha ubalozi. Akiwa na miaka 37 alikuwa askofu wa Nancy. Mwaka 1867 aliacha njia ya starehe akaenda Algiers kuwa askofu mkuu. Mwaka 1868 akaanzisha Wamisionari wa Afrika, ambao kwa kanzu zao waliitwa Mapadre Weupe. Njaa kuu ilipoikumba Algeria, alikusanya mayatima zaidi ya 1,000, na alipozuiwa na Gavana MacMahon asiwafundishe dini alishindana naye hadharani. Februari 1878 Roma iliwapa Mapadre Weupe nchi za maziwa makuu. Juni mwaka huo msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo. Machi 1882 akawa kardinali, mwaka mmoja baada ya Ufaransa kuitwaa Tunisia, na mwaka 1884 akawa askofu mkuu wa Carthage. Mwaka 1890, kwa kutaka kwake Papa, aliwaandalia karamu maofisa wa manowari za Kifaransa huko Algiers, akawahimiza Wakatoliki waikubali Jamhuri waliyoichukia. Huyu alikuwa mwanadiplomasia kuliko mabalozi waliolipwa kwa kazi hiyo.

Yako mambo yake ambayo maadui zake hawapendi kuyataja. Aliwaamuru mapadre wake wavae kama wenyeji, wale kama wenyeji, na waseme lugha ya wenyeji hata wao kwa wao. Aliagiza kuwa mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne, wakati wengine walibatiza upesi ili hesabu iongezeke. Aliona kuwa Mwafrika atafundishwa vyema na Mwafrika, akawapeleka Malta vijana waliokombolewa utumwani wasomee uganga. Mmoja wao, Adrian Atiman, aliyeibwa utotoni katika nchi za Niger, alifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko kwa miaka zaidi ya 60 mpaka alipokufa mwaka 1956. Mwanafunzi anayedhani kuwa mradi wote wa kardinali huyu ulikuwa bendera tu, na amweleze Atiman kwanza.

Mwaka 1888 Papa Leo alimwagiza Lavigerie awatangazie watu wa Ulaya vita juu ya utumwa wa Afrika. Mei mwaka huo Papa alikuwa amewaandikia maaskofu wa Brazili waraka wa kulaani utumwa, na siku nane baada ya tarehe ya waraka huo Brazili ikaufuta utumwa wake. Kardinali alipanda mimbarini katika Kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris tarehe 1 Julai. Tarehe 31 Julai alisema London, Lord Granville akiwa mwenyekiti na Kardinali Manning akiwapo. Tarehe 15 Agosti alisema Brussels. Alisimulia misafara, nira, watoto walioachwa njiani, vijiji vilivyochomwa. Hayo hakuyabuni. Misafara kutoka Ziwa Nyasa ilipita kusini hii kwenda Kilwa na Mikindani muda mrefu; Livingstone aliyeshuka Mikindani mwaka 1866 na kupanda na Ruvuma aliiona njia hiyo, na Askofu Steere wa Kianglikana mwaka 1876 aliwaleta Masasi watu waliokombolewa baharini ili wajenge upya karibu na nchi walikoibwa. Wanaosema leo kwamba utumwa wa pwani ulikuwa uzushi wa wamisionari huwatukana Wayao, Wamakua na Wamakonde walioibwa, na hawana heshima ya kudai.

Lakini kardinali aliongeza la pili. Aliyaweka maovu hayo katika shingo ya Uislamu na ya "Mwarabu", kana kwamba watu wa pwani ni watu wa namna moja, na kana kwamba hakuna Mkristo wa Ulaya aliyenunua karafuu, pembe na nazi zilizotolewa na mikono ya watumwa. Jina hilo "vita ya Waarabu" lilisafiri. Liliwatangulia watu wa Pangani, Kilwa na Mikindani katika magazeti ya Ulaya hata kabla hawajafanya jambo lolote. Na walipofanya, jina lilikuwa tayari linawangoja.

Walifanya nini? Tarehe 16 Agosti 1888, siku moja baada ya hotuba ya Brussels, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilishika forodha za pwani kwa mkataba na Sultani Khalifa. Maofisa wake walishusha bendera, waliingia misikitini kwa dharau, walidai hati za mashamba na kodi mpya. Pwani ikawaka, kuanzia Pangani kwa Abushiri bin Salim hadi kusini; Septemba maofisa wa Kampuni walifukuzwa Mikindani na Lindi, na wawili waliuawa Kilwa. Walioshiriki hawakuwa wenye watumwa peke yao. Walikuwamo majumbe, wachukuzi, wakulima, Wayao wa bara waliokuja pwani kwa biashara, na watumwa wenyewe. Vilikuwa vita vya forodha, vya heshima na vya nchi.

Bismarck hakuwa na hamu ya kutumia fedha kwa Kampuni iliyofilisika, wala Bunge lake halikuwa na hamu hiyo. Chama kikubwa cha Wakatoliki bungeni, kikiongozwa na Ludwig Windthorst, kilikuwa adui yake wa miaka mingi. Kampeni ya kardinali ndiyo iliyofungua mlango. Tarehe 27 Oktoba 1888 watu walikutana katika ukumbi wa Gürzenich mjini Cologne, Wakatoliki pamoja na Waprotestanti, kuunga mkono vita juu ya utumwa. Desemba Windthorst alileta hoja bungeni. Tarehe 13 Januari 1889 misioni ya Wabenediktini ya Pugu ilishambuliwa. Watatu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Na mwishoni mwa mwezi huo huo Bunge likaidhinisha marki 2,000,000 "kwa kuzuia biashara ya watumwa na kulinda mali za Wajerumani katika Afrika ya Mashariki". Soma sentensi hiyo mara mbili. Sehemu yake ya kwanza ni ya Lavigerie. Sehemu ya pili ni ya Kampuni. Fedha ni moja.

Hermann Wissmann aliandika askari Wasudani kutoka Misri na Washangaan kutoka Msumbiji. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mei 1890 meli zilikuja kusini, Kilwa ikapigwa, Lindi na Mikindani zikatwaliwa. Basi neno lililotoka mimbarini Paris lilifika katika bandari ya Mikindani baada ya miezi 22, likiwa limegeuka chuma.

Watetezi wa kardinali husema hapa: chuma hakikuwa chake. Yeye alitaka watu wa kujitolea, mfano wa Kapteni Joubert, askari wa zamani wa Papa aliyelinda vijiji vya Tanganyika. Hata Biskra, pembezoni mwa Sahara, alianzisha mwaka 1891 ndugu wenye silaha, wakavunjwa mwaka uliofuata. Ni kweli. Husema tena: alisema na watu wote wa Ulaya, si na Bismarck. Hilo nalo ni kweli. Lakini mtu aliyepanda ngazi ya Rota, Nancy, Algiers na Carthage, aliyejua kushindana na MacMahon na kusemezana na mawaziri, hawezi kuvishwa vazi la mtoto asiyejua neno lake litachukuliwa na nani. Mwanadiplomasia hupimwa kwa kile ambacho neno lake lilifanywa na wale aliowapa. Ndiyo kazi yake, kujua hilo kabla ya wengine. Lavigerie alikuwa na sauti lakini hakuwa na dola, kama bwana wake Leo. Akaitoa sauti kwa wenye dola, na hakudai risiti.

Risiti hiyo ingesomekaje? Hapa ndipo vitabu vingi vya sifa vinaponyamaza, na ni ajabu kuwa hata vitabu vya lawama vinanyamaza pia. Wadachi walikaa katika pwani ya kusini tangu 1890 hadi walipoondolewa katika Vita Kuu. Katika muda huo wote hawakuufuta utumwa. Biashara ya kusafirisha watumwa waliipiga, na hilo liandikwe kwa haki yao. Vyeti vya uhuru walivitoa kwa maelfu. Lakini hali ya utumwa yenyewe waliiacha kuwa halali. Mwaka 1901 walitoa amri ya kuipanga. Desemba 1904 waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 kwisha wawe huru. Waliokwisha kuzaliwa wakabaki kama walivyo. Waliwahitaji wenye watumwa ili watawale, na waliwahitaji watumwa mashambani. Utumwa katika Tanganyika ulifutwa kwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Zanzibar, iliyolaumiwa na wote, ilikuwa imeondoa uhalali wa utumwa mwaka 1897, miaka 25 kabla.

Kwa hiyo marki 2,000,000 zilinunua nusu ya pili ya ile sentensi kwa ukamilifu na nusu ya kwanza kwa upungufu. Kardinali alikufa Algiers Novemba 1892, hakuyaona mengi ya hayo. Warithi wa kampeni yake waliyaona. Katika Bunge lile lile waliendelea kukaa wajumbe wa chama cha Windthorst. Kama wangalidai kwa miaka ya baadaye kwa sauti ile ya Cologne kwamba ahadi itimizwe, mwanamke aliyekuwa mtumwa Mikindani mwaka 1890 asingalihitaji kungoja Mwingereza. Wengi wao walikufa watumwa chini ya bendera iliyokuja kuwaokoa. Hilo ndilo shitaka la haki juu ya kampeni ya 1888, na ni zito kuliko lile linalorudiwa kila mwaka katika madarasa, kwamba mapadre walitangulia na bunduki zikafuata. Kusini hii hata mfuatano huo haukuwa hivyo: bunduki zilifika Mikindani mwaka 1890, na Wabenediktini walijenga Lukuledi na Nyangao miaka mitano au sita baadaye, tena bara, mbali na mikoko. Mwaka 1905, wakati wa Maji Maji, nyumba zote mbili zilichomwa, na Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani kwenda Peramiho. Waliouchoma ujumbe wao hawakuwa na nafasi ya kutofautisha sehemu ya kwanza na ya pili ya sentensi ya Bunge. Wangetofautishaje, ikiwa waandishi wa sentensi walikusudia zisitofautishwe?

Kuna hoja ya mwisho inayotumiwa kumnyima mwanafunzi habari hizi: kwamba majalada ni ya Kilatini, Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani, na Kiswahili hakina maneno ya nunsio, prefektura na prelatura. Kuhusu maneno, Kiswahili kilipokea liwali, akida, jumbe na diwani, na hakikuumia. Kuhusu majalada, aibu ni ya vyuo, si ya lugha. Tanzania imetoa makardinali: Laurean Rugambwa mwaka 1960, wa kwanza katika Waafrika weusi wa zama hizi, Polycarp Pengo mwaka 1998, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Tunduru-Masasi, kusini huku huku, na Protase Rugambwa mwaka 2023, ambaye kabla ya hapo alikuwa katibu wa ile idara ya Simeoni mjini Roma. Mtanzania ameketi karibu na sanduku lenye karatasi ya tarehe 16 Novemba 1887, na bado karatasi hiyo haimo mikononi mwa mwanafunzi wa Mtwara kwa lugha anayoisoma. Anajua tarehe ya Mkutano wa Berlin kwa moyo. Ile iliyochora jimbo la nyumbani kwao hajaisikia.

Wala asidhani kuwa mipaka hiyo ilikwisha kutulia. Mwaka 1894 Wadachi walivuka mlango wa Ruvuma wakaitwaa Kionga, kusini ya mto; mwaka 1916 Wareno waliirudisha, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawathibitishia. Wenye mashamba pande zote mbili hawakuulizwa katika hata moja ya safari hizo.

Mmoja alijibu bila kuulizwa. Machemba, jumbe wa Wayao katika nchi ya juu ya Makonde, aliyekuwa mwenye misafara na mwenye bunduki, si malaika hata kidogo, alikuwa amekataa kwa barua ya Kiswahili kwenda kumwinamia Wissmann. Alishindana na Wadachi karibu miaka 10. Kodi ya nyumba ilipoletwa, naye akaona hawezi tena, mwaka 1899 aliivuka Ruvuma na watu wake akaingia Msumbiji. Kwa hatua hiyo alitoka katika nchi ya Kaisari wa Ujerumani na katika prefektura ya Zanzibar ya Kusini kwa mara moja. Kardinali aliyeshika karatasi za prefektura hiyo mwaka ule, mjini Roma, alikuwa Ledóchowski, mfungwa wa zamani wa serikali ile ile aliyokuwa akiikimbia Machemba.